Kilimo cha mchangani hujifunziwa mchangani

Kama eneo lako liko Vikindu, huku pwani kwenye mchanga, usiende kujifunzia kilimo Lushoto milimani. Lushoto nenda ukale peasi, ukapunge upepo, uupumzishe mwili na hili joto letu. Ila ukirudi na unataka kushika jembe kweli, tafuta mtu anayelima mchanga wa aina ya kwako, mlipe akufundishe.

Nalisema mapema kwa sababu utalii wa kilimo sasa hivi ni gumzo hapa Dar. Kila Ijumaa simu yangu inajaa matangazo: njoo na familia, vuna mwenyewe, chakula cha asili, michezo ya watoto ipo. Sina ugomvi nao. Zanzibar wameifanya biashara hii miaka mingi: mgeni anazungushwa shamba la viungo, ananusishwa karafuu, anakwanguliwa gome la mdalasini, anavishwa kofia ya makuti, anapigwa picha, huyo anaondoka. Materuni kule Kilimanjaro anatwanga kahawa huku nyimbo zinaimbwa, anainywa, anashuka mlima. Ni raha halali na watu wanapata riziki. Lakini sijaona aliyetoka huko akiwa anajua autendee nini udongo wa kwake.

Na shida yangu mimi ilikuwa udongo. Nina nusu ekari Vikindu, mchanga mweupe, minazi iliyochoka na mkorosho mmoja mkaidi. Maji ukimwaga asubuhi, mchana huoni hata dalili. Kwa kazi mimi ni mhasibu, kwa hiyo yale majedwali ya "ekari moja ya matikiti, mamilioni kwa miezi mitatu" yanayozunguka kwenye magrupu nimeyapitia kwa kalamu mkononi. Safu ya mapato huwa imenona. Safu ya mchanga haipo.

Shamba nililoangukia liko Kigamboni, njia ya Kimbiji, ukishaipita Kibada. Kutoka Mbagala nilipanda gari hadi Kongowe, nikaunganisha Kibada, halafu bodaboda kwenye njia ya vumbi mpaka kwenye uzio wa michongoma. Kibao hakuna. Mwenye shamba ni mama mstaafu, anaishi pale na mume wake ambaye siku nzima sikumsikia akisema zaidi ya "karibuni" na "chakula tayari". Wageni hawazidi kumi kwa mara moja, na ukitaka kuja na watu thelathini wa ofisini anakwambia nenda ufukweni. Tulipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba huku macho yake yako kwenye viatu vyetu. Mdogo wangu mmoja wa kike, mambo ya maudhui ya mtandaoni, alikuja na raba nyeupe pe. Mama akampa ndala.

Kazi ikaja kabla ya chai. Sisi wawili tukapewa toroli na chepe, wengine makumbi, wengine matandazo. Kwa msomaji wa bara: makumbi ni yale maganda ya nje ya nazi, yenye nyuzi, ambayo huku pwani tunayachoma au tunayaacha yarundikane nyuma ya nyumba. Pale yanazikwa. Unachimba mtaro wa kina cha goti, unayapanga makumbi upande wa ndani ukiangalia juu, unamwagia samadi, unafukia, unapanda juu yake. Yakilowa yanakaa na maji muda mrefu, na yakija kuoza, miaka imepita na mizizi imeshajilia ilichotaka. Nilichimba mtaro wa kama hatua tatu na kiuno kikanikumbusha kwamba nakaa kwenye kiti kuanzia asubuhi hadi jioni.

Hapo ndipo ubishi wa kwanza ulipozuka. Kaka mmoja, fundi umeme, aliuliza kwa nini vitalu vya mchicha viko chini ya usawa wa njia, vimezama kiganja kizima, wakati kila video aliyoangalia inaonyesha matuta yaliyoinuliwa. Mama akamuuliza, "Huyo wa kwenye video analima wapi?" Kaka hakujua. "Basi mwanangu, tuta la juu ni la mtu ambaye maji yanamsumbua kwa kukaa. Mimi maji yananisumbua kwa kuondoka. Nikiinua mchanga nauanika."

Kitu kidogo tu, lakini ndicho nilichokilipia. Tuta la kuinuliwa linasaidia kwenye mfinyanzi unaotuamisha maji. Kwenye kichanga, kingo zake zinakauka pande zote, na mvua ya masika inalibomoa. Kitalu cha kuzama kinakusanya kila tone, na hata mvua ikizidi mchanga wenyewe unayapitisha maji. Kitabuni ningeisoma hiyo sentensi na kuipita. Nilipokuwa nimepiga magoti ndani ya kitalu, mkono mmoja kwenye tope laini na mwingine kwenye njia iliyokauka mpaka inachoma, sikuhitaji kuandika.

Kuna jaribio la maji ambalo wafundishaji wa kilimo cha kuhuisha udongo wanalipenda duniani kote. Unachukua kopo lililotolewa mdomo na kitako, unaligongomea ardhini, unamimina maji, unahesabu dakika. Udongo wenye afya unayanywa haraka, udongo uliochoka unayaacha juu. Mama analo kopo lake la nyanya na alitufanyia, lakini kwa kutucheka. Kwenye kipande alichokiacha kusudi bila kukitunza, mchanga mtupu, maji yalipotea kabla sijamaliza kusema "moja". Kwenye kitalu chenye mboji yalichukua muda. Kwa kipimo cha video, kipande kibaya ndicho kilishinda!

Akatwambia tusubiri. Kila upande ulimwagiwa ndoo moja tu, tukaenda kufanya mengine, na baada ya chakula cha mchana akatupa mikono mitupu: fukueni. Kwenye kile kipande mtupu nilizamisha vidole vyote na vikatoka na vumbi. Hatua mbili pembeni, chini ya matandazo ya majani makavu ya migomba, unyevu ulianza pale pale juu, na mchanga ulikuwa umeshikana vipande vipande vyeusi vyenye nyuzi nyeupe za ukungu. Ukikiminya kipande kinavunjika taratibu, hakimwagiki. Mchangani, kwa hiyo, swali la kuuliza ni saa saba mchana maji yako wapi. Kasi ya kuingia hapa haikwambii kitu.

Hicho ndicho kilimo chenyewe cha kuhuisha udongo, ukiondoa maneno mengi ya semina: udongo usikae uchi, usifukuliwe ovyo, mizizi hai iwemo muda wote, mazao yachanganyike, mifugo irudishe inachokula. Jina lilivumishwa Marekani miaka ya 1980 na Robert Rodale, ila vitendo vyake tunavyo siku nyingi. Wamatengo kule Mbinga wanalaza majani kwa mistari inayokatana, wanayafukia, na kuacha mashimo yanayokamata maji ya mlimani; ngoro hizo. Wachaga wana kihamba: kahawa chini ya mgomba, mgomba chini ya mti, ng'ombe zizini, samadi inarudi shambani. Naviheshimu vyote, na vyote ni vya milimani. Pwani tunatakiwa tuwe na vya kwetu.

Kunde sasa. Nimekula kunde tangu nina meno na sikuwahi kuung'oa mmea wake nikauangalia chini. Mama aliingiza chepe pembeni, akaunyanyua na udongo wake, akautikisa polepole kwenye ndoo ya maji. Mizizi ikabaki safi, na juu yake vinundu, vingine vidogo vya kichwa cha pini, vingine vya punje ya choroko. Akachukua kimoja akakipasua kwa ukucha. Ndani kilikuwa na rangi ya waridi iliyokolea, karibu ya damu. "Hiki kinafanya kazi," akasema. Akatafuta kingine kwenye mmea uliodumaa karibu na njia, akakipasua: ndani kijani kilichofifia. "Hiki kimegoma."

Ndani ya vinundu hivyo wamo bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Ule wekundu ndio dalili kwamba kazi inaendelea. Baada ya kuvuna kunde hang'oi. Anakata shina usawa wa ardhi, mizizi inaozea humo humo, majani yanabaki juu yakiwa matandazo, kisha anapachika mihogo au mahindi ya vuli. Yule binti wa maudhui alirekodi vinundu kwa karibu kabisa, na nimeona video yake ikipata watazamaji wengi kuliko zile za kucheza. Watu wana kiu, tusiwadharau.

Kwenye mboji ndiko nilikokaa muda mrefu kuliko wote, maana mboji ina hesabu. Lundo lilikuwa la urefu wa kifua changu: majani mabichi, mabua, samadi ya kuku wa kisasa na maranda yake, maganda ya sokoni. Katikati imechomekwa fimbo ya mpera. Mama aliichomoa akaniambia shika, nikashika nikaiachia. Lundo likivuka nyuzi joto 55 kwa siku kadhaa linaua mbegu za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Likipanda sana, kuelekea 70, linaua na wale wadudu wadogo wanaokufanyia kazi, ndipo unaligeuza. Fimbo ikitoka baridi, ama limekauka ama limeiva. Likitoa harufu kali ya mkojo, samadi ya kuku imezidi, ongeza maranda au majani makavu. Unyevu unaupima kwa konzi: minya, matone mawili matatu yapenye kati ya vidole. Yakichuruzika, ni mengi. Yasipotoka na konzi ikaachia, ongeza maji.

Jambo la kipekee kwa Dar ni chenga za mkaa. Kila muuza mkaa anazo chini ya gunia, wengi wanazimwaga tu. Yeye anazikusanya, anaziloweka kwenye maji ya samadi kwa wiki kadhaa, ndipo anazichanganya na mboji. Ukiziweka kavu zitanyonya chakula cha mimea kwanza ili zishibe zenyewe. Zikishaloweka zinakuwa ghala, na kwenye joto letu zina faida moja mboji haina: haziozi haraka. Mboji Kigamboni inaliwa na ardhi upesi mno, kwa hiyo unaongeza kidogo kidogo kila msimu, huwezi kumwaga malori mara moja ukasema umemaliza.

Kero ilikuwa plastiki. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, sawa, lakini zile nailoni nyembamba za kufungia vitu vidogo vidogo ziko hai na salama ndani ya taka za soko. Nilizichambua na mikono mpaka nikachoka. Nikaona pia kucha ya bandia, ya pinki.

Chakula kilikuwa wali wa nazi, kisamvu, na dagaa waliokaangwa na ndimu. Sitasema zaidi, nisije nikawaharibia foleni.

Baada ya kula nikauliza lile swali ambalo wenzangu walilionea aibu. "Mama, kati ya mboga na sisi wageni, kipi kinakuweka mjini?" Alicheka, akajibu bila kuzunguka: mboga na kuku zinawalisha na kulipa umeme, wageni wanalipa vibarua. Kwa sababu kilimo hiki kinakula nguvukazi: kukusanya majani, kubeba, kutandaza, kupambana na mchwa wanaohamia kwenye matandazo kila kiangazi. Mchicha wake sokoni unauzwa bei ile ile ya fungu lililomwagiliwa maji ya Mto Msimbazi na viwanda vyake vyote. Mnunuzi wa Mbagala haoni tofauti na wala haulizi. Alama ya Kilimohai, ya kutambulisha mazao yaliyolimwa bila kemikali za viwandani, ipo, tangu Afrika Mashariki ilipokubaliana viwango vya mazao hai mwaka 2007, na serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa kilimo ikolojia hai wa 2023 hadi 2030. Lakini huwezi kubandika mkakati kwenye fungu la mchicha la shilingi mia tano.

Nilipenda kwamba hakunificha. Waitaliano, ambao utalii wa mashambani kwao ni jadi, waliutungia sheria mwaka 1985 inayotaka wageni wawe nyongeza ya shughuli ya shamba, shamba libaki shamba. Hapa kwetu nimeshapita kwenye "mashamba" yenye bembea nyingi kuliko miche. Mwenyeji akikataa kukutajia gharama zake, jua unanunua mandhari tu.

Vipi kuhusu mbolea ya dukani? Ruzuku ipo tangu 2022 na imewasaidia wengi, hasa wa mahindi kule nyanda za juu. Mama haikatai, anaiweka kidogo kwenye mahindi. Ila mbolea ya dukani kwenye mchanga mtupu ni kama mshahara wa mjini: unaingia tarehe ishirini na tano, tarehe mosi huuoni. Mvua moja kubwa ya Aprili na naitrojeni imeshashuka chini kuliko mizizi inavyofika. Kwanza ujenge kitu cha kuishikilia, ndipo ununue.

Nimewahi kwenda Morogoro pia, nisionekane nachukia bara. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria Juni 2024, unafika chini ya saa mbili, na ile taasisi ya Kilimo Endelevu Tanzania, SAT, iliyoanzishwa mwaka 2011, ina kituo chake cha mafunzo Vianzi. Ukiwa na shamba Mvomero au Kilosa, anzia huko. Nilijifunza mengi, na mengi niliyaacha huko huko kwa sababu mteremko mimi sina.

Ni Morogoro hiyo hiyo inayonipa ushahidi. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru wachimbe matuta ya ngazi milimani. Kwenye karatasi yalikuwa sahihi. Kwenye ardhi ile, kuchimba kulileta juu udongo wa chini usio na rutuba, kazi ikawa nzito, mavuno hayakuja, na mwaka 1955 ghasia zikazuka, mpango ukafa. Wataalamu walileta mbinu ya udongo mwingine na hawakumuuliza mwenye jembe. Hasara haikuishia mlimani, maana mito ya Uluguru ndiyo inayoingia Ruvu, na Ruvu ndiyo tunayokunywa. Mwaka 2021 mto ulipopungua tulipewa maji kwa mgao, na nakumbuka bei ya dumu Mbagala ilivyopanda.

Kwa hiyo ukitaka kwenda shamba la mtu wikiendi, kabla ya kutuma hela piga simu uulize: udongo wenu ni wa namna gani? Nitashika jembe au nitashika simu? Mtanionyesha kipande kilichoshindikana? Anayejibu la tatu bila kujikuna, huyo nenda. Vaa viatu vya kuchafuka, beba kofia na maji, na kama eneo lako liko mbali na lake, beba udongo wako kwenye chupa yenye mdomo mpana. Mama alinitilia maji kwenye ya kwangu, akaitikisa, akaiweka mezani. Mchanga ulizama wote kabla sijakaa, juu pakabaki utando mwembamba usiotosha kuuita udongo. "Umenunua ufuko mwanangu," akasema. Wote tukacheka, na mimi nikacheka kwa uchungu.

Vikindu nimeshaanza mitaro. Kunde zimeota vizuri upande wa magharibi, upande wa mkorosho zimegoma, nadhani kwa kivuli. Tatizo jipya ni makumbi. Jirani yangu mwenye minazi alikuwa ananiomba niyachukue bure nimpunguzie uchafu. Juzi amenikuta nayafukia, akauliza ya nini, na mimi kwa furaha ya mwanafunzi nikamweleza mpaka na vinundu. Jana kanitumia ujumbe: kiroba sasa ni elfu moja, usafiri juu yako dada. Bado tunabishana. Nimefika mia tano, yeye anasema mia nane, na kwamba kuna mtu wa Mkuranga pia anayaulizia.